Fuko Aliyekunywa Maji ya Wakonyo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Wakonyo aligombana na watatu: ng'ombe, mume na fuko. Ng'ombe mwishowe alikubali kukamwa. Mume mwishowe alikubali kuvaa sweta. Fuko peke yake ndiye hakukubali chochote.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya Mweiga, mahali ambapo baridi huuma watu na kunenepesha viazi. Nyuma ya nyumba palikuwa na shamba dogo la viazi vya aina ya shangi. Shamba lilifika mwisho ghafla, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Chini yake palikuwa na kware, machimbo ya mawe ya kujengea. Humo ndimo mume wake, Mutahi, alimochonga mawe pamoja na wanaume wengine. Pembeni, akina mama waliponda kokoto.

Sasa sikiliza ukuta wa kware hiyo ulivyokuwa. Mawe mazuri, yale ya buluu, yalikuwa chini kabisa. Juu yake palikuwa na mawe laini, na juu zaidi udongo mtupu. Wachimbaji hawakutaka kuanza juu. Waliingia chini kwa chini, kama panya anayekula mkate kutoka upande wa sahani. Ukuta ukawa na tumbo lililoingia ndani na paji lililotokeza nje. Na juu ya paji hilo, vikiwa vimejipanga kwa matuta, vilikaa viazi vya Wakonyo.

Mwezi wa kwanza Mutahi alikuwa amesema, "Tungeangusha lile paji kwanza."

"Mguse shangi yangu muone!" Wakonyo alijibu, mikono kiunoni.

Aliyefurahi zaidi ni Kingori, mtu aliyeikodi kware. Kuondoa udongo wa juu ni kazi ya wiki nzima, na hakuna mtu anayenunua udongo. "Tumheshimu mama," alisema Kingori, akivua kofia yake. "Tungoje viazi vikomae."

Basi kila mtu akamheshimu mama, na kila siku wakachimba zaidi chini yake.

Ndipo likaja jua la wiki tatu. Wakonyo alivuta mpira wa maji ya mradi, akamwagilia. Tuta la kwanza lilikunywa vizuri. La pili likanywa vizuri. Tuta la mwisho, lile la ukingoni, lilikunywa bila kushiba. Maji yalifika katikati ya mfereji, yakazunguka mara moja kama mbwa anayetaka kulala, yakapotea.

Wakonyo alisindilia nyasi kwenye shimo. Maji yakapotea. Akasindilia gunia kuukuu. Gunia nalo likapotea.

"Baba Nyawira!" alimwita mumewe. "Huyu fuko ameanza kula magunia!"

"Mwite Guka Theuri," alisema Mutahi, akichukua nyundo na tindo yake, kile chuma chenye ncha cha kupasulia mawe. "Mimi nimechelewa. Lori ya Nanyuki inakuja leo."

Theuri, guka yaani babu wa kijiji kizima, alikuwa mtega fuko. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na hicho kitu alikibadilisha kila alipoulizwa. Shingoni alivaa nyaya za mitego kama mkufu. Kutoka Mweiga mpaka Kiganjo hapakuwa na mtu aliyedanganya vizuri kumshinda. Alisema amewahi kunasa fuko mkubwa kama mbuzi, na kwamba fuko huyo alimwomba msamaha kwa Kikuyu safi. Alisema pia kwamba ujanani alifanya kazi chini ya ardhi, kwenye mgodi mrefu hata akawa anakula chakula cha mchana nchi moja na cha jioni nchi nyingine, bila pasipoti.

Alifika saa tatu na nusu.

"Huyu wako anakunywa nini, Mama Nyawira? Maji tu, ama pia chai?"

"Guka, usinichekeshe. Nataka mkia wake hapa."

Theuri alipiga magoti. Alitazama huku na huku.

"Fuko akichimba, anatupa udongo nje," alisema. "Vile vichuguu vidogo. Vya huyu viko wapi?"

Wakonyo alitazama. Hapakuwa na hata kimoja.

Theuri alifungua waya mrefu, akaushusha katika shimo. Waya uliingia mpaka kiwiko chake kikagusa udongo. Akaunganisha waya wa pili. Nao ukaingia wote. Kisha akafyeka majani ya viazi kando ya shimo. Palikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba, kidole kimoja tu kingeingia. Lakini ulikuwa mrefu. Ulifuata tuta la mwisho lote, kutoka ncha hii mpaka ncha ile, kama mshono wa nguo.

Wakonyo alingoja utani. Utani haukuja.

"Chini ya hapa kuna nini?" Theuri aliuliza.

"Kuna Baba Nyawira."

Mzee alisimama haraka kuliko umri wake. "Funga maji. Funga sasa hivi. Na hama hapo uliposimama, rudi huku kwa nyumba."

Wakonyo alifunga maji. Kisha akasema kwa ukali, "Guka, kama hii ni moja ya zile hadithi zako..."

"Nchi mbili bila pasipoti, hiyo nilidanganya," alisema Theuri. "Mgodi sikudanganya. Miaka kumi na minane nilichimba makaa ya mawe, huko kusini, ng'ambo ya mpaka. Yale mawe meusi yanayowaka. Paa la mgodi halianguki bila kusema. Kwanza linapasuka kidogo. Halafu linadondosha vumbi. Halafu vijiwe. Mtu anayesikiliza anatoka. Siku moja sisi hatukusikiliza."

Alitoa kitu mfukoni. Kilikuwa kibati cha shaba, cha duara, kimepigwa namba 112.

"Kila aliyeingia mgodini alitundika kibati chake kwenye ubao. Akitoka, anakichukua. Jioni hiyo vibati vingine vyote vilichukuliwa. Hiki kikabaki kwenye msumari. Ndivyo tulivyojua nani yuko chini. Tulimchimba siku mbili. Tulimpata, lakini hakuwa hai. Alikuwa rafiki yangu. Bila hiki kibati tungeenda kulala, tukidhani naye amelala kwake."

Wakonyo alitazama kibati. Halafu alitazama viazi vyake. Mwezi wa kwanza alikuwa amepigana kwa ajili ya viazi hivi. Alikuwa ameshinda.

"Twende," alisema.

Nyumbani palikuwa na ndoo ya chokaa iliyobaki walipopaka kuta wakati wa Krismasi. Aliibeba kichwani.

"Hiyo ni ya nini?" aliuliza Theuri.

"Guka, wewe unawajua fuko. Mimi namjua Kingori. Ukimwambia kitu hasikii. Lazima aone."

Alikoroga chokaa na maji, akaimimina taratibu kwenye mfereji, akiwa amesimama upande wa nyumba. Shimo likaimeza yote. Kisha wakashuka kwenye kware.

Ilikuwa karibu saa nne. Nyundo zililia. Lori ya Nanyuki ilikuwa imefika, na dereva wake, Khadar, alikuwa akitafuta mahali pa kugeuzia. Mutahi alikuwa ndani kabisa ya tumbo la ukuta, akipiga tindo.

"Baba Nyawira! Toka hapo!"

Mutahi aligeuka. Wenzake wakacheka. "Mutahi, umesahau kuosha vyombo!"

"Toka, nimesema. Nyinyi wote. Huko juu kumepasuka."

Kingori alikuja mbio, kofia yake nzuri ikiwa imeinama upande mmoja. "Mama, mama, polepole. Nani amesema kumepasuka?"

"Guka Theuri."

Hapo watu walicheka mpaka mmoja akaketi. "Theuri! Yule wa fuko aliyeomba msamaha!"

Theuri alinyoosha kidole tu.

Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Mutahi, palikuwa pameanza kulowa. Tone likatoka, likaning'inia, likashuka kwenye jiwe. Lilikuwa jeupe kama maziwa. La pili likalifuata. Punde mstari mweupe ukachora ukuta mzima kutoka kushoto kwenda kulia.

Kicheko kilikatika.

"Hiyo ni chokaa yangu," alisema Wakonyo. "Nimeimwaga kwa viazi, huko juu. Imepita ndani ya ukuta mpaka hapo. Ukuta huu haushikamani tena na mlima. Umeachiliwa. Na mimi ndiye nimekuwa nikiunywesha maji wiki tatu."

Mutahi aligusa ule weupe kwa kidole. Akatoka. Mmoja mmoja, wenzake wakatoka.

"Sasa mnaenda wapi?" alifoka Kingori. "Lori si hii hapa? Huo ukuta umesimama tangu mwaka jana! Wacheni tupakie ya leo, kesho tutaangalia."

"Lori ya leo ndiyo ile ya mwisho kabla ya mazishi," alisema Theuri. "Kila mgodi huwa na moja."

"Mzee, kwani wewe umeajiriwa na nani?"

Khadar alizima injini, akatoa kichwa dirishani. "Bosi, mimi kwa huo ukuta sirudishi lori nyuma. Na mkipakia kwa mikono, pia sibebi. Nikifika Nanyuki wataniuliza haya mawe yametoka wapi, niseme nini?"

"Kimya wewe, endesha gari!"

"Si nimelizima."

Theuri aliwauliza wachimbaji, "Mko wangapi leo?"

"Tisa," alisema mmoja.

"Kumi na moja," alisema mwingine.

"Waliosimama hapa ni tisa," alisema Theuri. "Sasa ni nani mkweli?"

Walitazamana. Hakuna aliyejua. Asubuhi kila mtu alikuwa amekuja kwa njia yake, akachukua nyundo, akaanza kazi.

"Semeni majina!" alisema Wakonyo.

Wakataja majina. Yalitoka kumi.

"Muriithi!" Wangui, mmoja wa akina mama wa kokoto, alipiga kelele. "Muriithi amekunywa chai yake mapema! Si huwa analala kule kwa kivuli?"

Kivuli kizuri kuliko vyote kwenye kware kilikuwa kimoja tu. Kilikuwa chini ya paji.

Mutahi aliruka kwenda. Theuri alimshika shati. "Usiingie! Wakiingia wawili tutazika wawili. Pigeni kelele!"

Akina mama walichukua karai zao za chuma, wakazipiga kwa nyundo. Kelele hiyo ingeamsha hata mawe. Huko ndani, nyuma ya lundo la mawe, kichwa kiliinuka.

"Ati nini? Chai iko tayari?"

"Toka, mjinga wewe!" alilia Wakonyo. "Kimbia!"

Muriithi alitoka akitembea, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia. Kisha kijiwe kimoja kikamwangukia begani. Siku hiyo walimwona akikimbia.

Walisimama wote kando ya lori, mbali, wachimbaji kumi, wote wazima. Dakika moja ikapita. Ya pili. Ukuta ulisimama kama kawaida. Ndege aliimba.

"Haya," alisema Kingori. "Umeanguka? Mmeona? Mnatishwa na chokaa." Akamgeukia Mutahi. "Na wewe mwanaume mzima, unaongozwa na bibi yako."

Shingo ya Mutahi ilisimama. "Tindo yangu imebaki huko," alisema kwa sauti ndogo. "Wacha niitoe tu."

Wakonyo alisimama mbele yake. Njia ilikuwa nyembamba, naye aliijaza.

"Tindo ni chuma," alisema. "Itakungoja."

"Mama Nyawira, unaniaibisha mbele ya watu."

"Naam. Nakuaibisha ukiwa hai. Aibu itapita. Mwezi wa kwanza nilikataa mguse viazi, na nilikuwa na makosa, na nakiri mbele ya hawa wote. Leo nakataa mguse ukuta. Hili shamba la juu ni letu mimi na wewe. Mtu yeyote akirudi chini yake kabla ya lile paji kuangushwa, anipite mimi kwanza."

Wangui aliweka nyundo yake chini. "Na mimi."

"Na mimi," alisema mwingine. Nyundo saba za kokoto zikalala chini.

Mutahi alimtazama mke wake. Kisha akavua glavu zake, akaketi juu ya jiwe. "Basi sikuwa naipenda sana ile tindo," alisema.

Kingori alitema mate. "Waoga watupu! Nitaitoa mimi!" Akapangusa kofia yake, akashika njia kuelekea ukutani. Walimwita. Hakugeuka. Alipiga hatua kumi. Alipiga hatua kumi na tano.

Vumbi likashuka kutoka kwenye paji, jembamba, kama unga kutoka kwenye chekecheke.

"Kingori!" Theuri alinguruma. "Umesema! Ukuta umesema!"

Waliokuwepo wanaapa kwamba Kingori alikimbia mpaka kivuli chake kikabaki nyuma kikimwita. Mimi sitaapa. Lakini najua kofia yake haikukimbia naye. Nyuma yake ukuta ulitoa mlio kama wa kitambaa kizito kikipasuliwa. Paji likainama, taratibu, kana kwamba linasalimia. Halafu likaanguka lote: udongo, mawe, matuta, viazi na majani yake ya kijani. Ardhi ikaruka chini ya miguu yao. Vumbi likafunika lori.

Vumbi lilipotulia, pale Mutahi alipokuwa akichonga palikuwa na kilima.

Theuri alihesabu watu kwa kidole. Akahesabu tena. Kumi na Kingori. Akina mama saba. Khadar. Wakonyo. Wote.

"Shangi yangu," alisema Wakonyo. Mutahi alimshika mkono, na siku hiyo hakuna aliyewacheka.

Kesho yake walikutana pale pale, mbali na ukuta. Afisa wa usalama kazini alikuja kutoka Nyeri baada ya Wakonyo kumpigia simu mara tatu. Alitazama kila kitu, akasema kware ifungwe mpaka itengenezwe vizuri. Kisha akamuuliza Theuri waliwezaje kutoka wote.

"Kwa sababu ya fuko," alisema Theuri. Halafu akaacha mzaha, akawaeleza.

"Mnajua matuta ya kahawa kule Tetu? Mlima unakatwa ngazi kwa ngazi. Kware ni hivyo hivyo. Anza juu. Ondoa udongo wote wa juu, urudi nyuma mbali na ukingo. Kata ngazi moja, shuka, kata nyingine. Usiingie chini ya kitu ambacho hujakiangusha. Na kivuli cha ukuta si cha kulalia, Muriithi."

"Nimesikia, Guka."

"Asubuhi, kabla ya kazi, na kila baada ya mvua, mtu mmoja aukague ukuta. Akiona ufa, maji au vumbi, watu wote nje. Kofia ngumu kichwani. Huko juu hakuna kumwagilia. Na njia za kutoka ziwe mbili."

"Mbili za nini?" aliuliza Kingori. Kichwa chake kilikuwa wazi, nacho kilionekana kidogo. "Moja inatosha."

"Zamani huko Uingereza kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe wenye mlango mmoja," alisema Theuri. "Mashine kubwa ya kuvuta maji ikavunjika, chuma chake kikaangukia mlangoni, kikaziba. Watu zaidi ya mia mbili, wanaume na vijana, wakafia chini. Hawakuwa na pa kutokea. Baada ya hapo ndipo ikaandikwa sheria: mgodi uwe na milango miwili. Hii si hadithi yangu, muulizeni afisa."

Afisa alitikisa kichwa kukubali. "Ni kweli. Sheria nyingi za migodi ziliandikwa hivyo. Baada ya mazishi."

Wakonyo alisimama. "Basi za kwetu tutaziandika kabla," alisema. "Na mimi nitashika ubao."

Na akaushika. Kazi ya kuangusha udongo ilichukua wiki tatu, si moja, na Kingori alilalamika kila siku ya wiki hizo. Lakini ukuta sasa una ngazi nne, pana hata ng'ombe anaweza kugeuka. Mawe ya buluu yanatoka kama zamani, tena hayavunjiki ovyo. Viazi vimehamia upande wa pili wa nyumba. Pale kwenye njia ya kuingilia pamesimama ubao wenye misumari, na kila mchimbaji ana kibati chake, kilichokatwa kutoka kwenye debe la mafuta na kuandikwa jina kwa msumari. Wakonyo hukaa karibu nao akimenya viazi. Saa kumi jioni, kila kibati kikiwa kimechukuliwa, ndipo anapofunga njia.

Juzi Kingori alikuja na kofia mpya. Alitaka kupita moja kwa moja.

"Kofia ngumu, na kibati," alisema Wakonyo bila kuinua macho.

"Mama Nyawira, mimi ndiye mwenye kware!"

"Ukuta unajua hivyo?"

Kingori alitazama ubao. Pembeni kabisa, kwenye msumari wake peke yake, palining'inia kibati cha shaba, cha duara, namba 112.

"Huyu hajatoka?" aliuliza. "Yuko wapi?"

"Muulize Guka Theuri," alisema Wakonyo. "Na usicheke. Hiyo hakudanganya."

Kingori akavua kofia yake mpya, akachukua ile ngumu, akaivaa. Akatafuta kibati kitupu, akaandika jina lake kwa msumari, polepole, herufi moja moja. Akakitundika.

"Nikitoka nitakichukua," alisema.

"Ndiyo maana nimeketi hapa," alijibu Wakonyo, akaendelea kumenya viazi.